Folda Si Kufuli: Kwa Nini Amri za Msimamizi Hukaa Mbali na za Mtumiaji

“Mwalimu, usermod imefutika.”

Kijana alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya tatu kutoka dirishani, na kioo chake kilionyesha mstari ambao kila anayejifunza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, hukutana nao mapema: bash: usermod: command not found. Yaani bash, programu inayopokea amri unazoandika, haikuiona usermod, amri ya kubadili akaunti za watumiaji. Alikuwa ameshaandika su, amri ya kuhamia akaunti nyingine, akaweka nywila ya msimamizi, na alama ya dola mwishoni mwa mstari ikageuka kuwa alama ya reli. Kwa hesabu zake, sasa yeye ndiye mwenye mashine. Inakuwaje mwenye mashine aambiwe chombo hakipo?

Nilimwambia atoke, aingie upya, lakini safari hii baada ya su aache nafasi na aweke kistari: su -. Akaweka nywila ileile. Usermod ikaitika. Hapakuwa na kilichosakinishwa wala kilichorudishwa. Jirani yake akadakia na maelezo ambayo nimeyasikia miaka yote niliyofundisha maabara: “Zile amri za hatari wamezificha kwenye folda ya sbin ili mtu wa kawaida asizifikie. Ni mambo ya usalama.”

Maelezo hayo yanaingia akilini kirahisi, lakini si kweli. Na ubaya wake hauishii kwenye mtihani, maana mtu akiyaamini siku moja atakabidhiwa seva ya watu na kuanza “kufunga” vitu visivyofungwa hivyo. Nimeona matokeo yake, nitayasimulia hapo mbele.

Tuanze na maneno yenyewe. Amri ni programu unayoiita kwa kuandika jina lake. Kila programu ni faili, na kila faili iko ndani ya folda fulani. Kwenye Linux folda zote huanzia kwenye mkwaju mmoja, /, kisha zinashuka: /bin, /sbin, /usr/bin, /usr/sbin, /usr/local/bin na kadhalika. Mtumiaji ni mimi na wewe tukiwa kwenye akaunti zetu. Msimamizi ni akaunti moja yenye mamlaka yote, jina lake root. Folda zinazoishia na bin zimekusudiwa programu za kila mtu. Zinazoishia na sbin zimekusudiwa vyombo vya msimamizi: kuongeza watumiaji, kugawa diski, kuwasha huduma.

Neno la mwisho, na ndilo lenye fundo lote, ni PATH. Hii ni orodha ya folda ambazo bash huzipitia kutafuta amri uliyoandika.

Chukulia mama amekutuma sukari. Amekuambia, “Anza kwa Mangi, ukikosa nenda kwa Mpemba, ukikosa pale kwa bibi wa kona.” Umepita maduka yote matatu, hakuna. Unarudi: “Mama, sukari hakuna.” Hukusema uongo, ila sukari ilikuwepo duka la nne, lile ambalo hukutajiwa. PATH ni orodha ya maduka uliyotajiwa, na command not found maana yake ni “nimepita nilikotumwa, sikukuta”. Haisemi kwamba programu haipo kwenye mashine, na wala haisemi kwamba umekatazwa kuitumia.

Orodha hiyo ina tabia nyingine ya kukumbuka: inasomwa kuanzia kushoto, na duka la kwanza lenye sukari ndilo unalonunua. Kukiwa na programu mbili zenye jina moja kwenye folda mbili, inayotangulia kwenye orodha ndiyo itakayoitika, hata kama ya pili ni mpya zaidi.

Kwenye Debian, mojawapo ya distro, yaani matoleo ya Linux, orodha ya mtumiaji wa kawaida haina folda za sbin. Ya root inazo. Tangu Debian 10, iliyotoka Julai 2019, ukiandika su peke yake unapata mamlaka ya root lakini unabaki na orodha ya maduka ya mtumiaji uliyekuwa. Ukiandika su - unaingia kama root kamili, na orodha yake. Kijana wangu alikuwa na mamlaka, alichokosa ni anwani. Angeandika anwani nzima, /usr/sbin/usermod, ingefanya kazi bila kistari chochote.

Sasa tuijaribu ile dhana ya usalama. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ukiwa mtumiaji wa kawaida, uandike anwani kamili ya chombo cha “hatari”: /usr/sbin/fdisk /dev/sda. Hii ndiyo programu ya kugawa diski, inayoweza kumaliza kazi ya mtu ya miaka kumi kwa dakika moja. Je, folda itakuzuia? Hapana. Programu inawaka kabisa, kisha inasema: fdisk: cannot open /dev/sda: Permission denied. Soma tena uone aliyekataa. Mlango wa fdisk ulikuwa wazi, na programu ikaingia kazini. Kilichokataa ni diski yenyewe, kwa sababu ruhusa za /dev/sda hazimtambui mtu kama wewe. Na kwa usermod ni vivyo hivyo. Mtumiaji wa kawaida akiiita kwa anwani kamili itaanza, halafu itakwama kwenye faili la /etc/passwd ambalo yeye hana haki ya kuliandika.

Kwa hiyo ungeweza kunakili fdisk kutoka sbin ukaiweka kwenye folda yako ya nyumbani, au kuipakua kutoka intaneti, na isingekusaidia chochote. Msumeno hauongezewi makali kwa kutolewa stoo. Kufuli liko kwenye kitu kinachoguswa, yaani diski, faili la nywila, kadi ya mtandao.

Upande wa pili wa hoja ni mzuri zaidi. Amri ya kubadili nywila, passwd, inagusa faili nyeti kuliko yote, /etc/shadow, ambalo mtumiaji wa kawaida hawezi hata kulisoma. Lakini passwd iko /usr/bin, kwenye folda ya kila mtu. Imekaaje huko? Kwa sababu kila mtu anahitaji kubadili nywila yake. Imepewa alama ya pekee inayoitwa setuid: yeyote akiiita, programu inafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, ambaye ni root. Ni kama karani wa benki. Wewe huingii chumba cha fedha. Unamkabidhi fomu dirishani, naye anakagua, anaingia, anatoka na kiasi kilicho chako. Mbunifu wa alama hiyo ni Dennis Ritchie, mmoja wa waanzilishi wa Unix, mfumo wa zamani ambao Linux ilifuata mtindo wake, na alipewa hataza yake Marekani mwaka 1979. Basi hapa tuna programu yenye nguvu ya root iliyoko kwenye folda ya watu wote. Kama folda zingekuwa ndiyo ulinzi, hili lisingewezekana.

Mpangilio huu ulitoka wapi, basi? Jibu la uaminifu ni kwamba sehemu yake kubwa ilitokana na diski kujaa.

Mwaka 1971, kwenye maabara za Bell huko New Jersey, Unix ilikuwa inaendeshwa kwenye mashine ya PDP-11/20 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 24 na diski ya kilobaiti 512. Picha moja uliyopiga na simu leo haingii kwenye diski hiyo. Programu zilikaa /bin. Diski nyingine ilibeba folda za nyumbani za watumiaji, na iliitwa /usr, kifupi cha neno la Kiingereza la mtumiaji. Programu zilipoongezeka na nafasi ikaisha, zikamwagikia huko, na ndipo /usr/bin ilipozaliwa. Tangu hapo kukawa na sharti moja la kweli: vyombo vinavyohitajika mashine ikiwaka, kabla diski ya pili haijaunganishwa, lazima vibaki kwenye diski ya kwanza. Huwezi kuweka ufunguo wa stoo ndani ya stoo.

Vyombo vya msimamizi vilikaa muda mrefu /etc, vimechanganyikana na mafaili ya mipangilio. Mwishoni mwa miaka ya 1980 matoleo ya Unix kama SunOS 4 na System V Release 4 yakawa na /sbin. Hata ile herufi s watu hawakubaliani nayo: wengine husema ni ya system, yaani mfumo, wengine husema ni ya static, yaani programu zilizobeba kila zinachohitaji ndani yake, zinazoweza kufanya kazi hata sehemu nyingine ya mfumo ikiwa imeharibika.

Linux ilipokuja, kila distro ikawa inaweka vitu inapotaka. Februari 1994 ukatoka mwongozo wa kwanza wa pamoja wa mpangilio wa folda, ambao baadaye uliitwa FHS, kifupi cha Filesystem Hierarchy Standard. Toleo lake la 3.0 ni la mwaka 2015. Na mwongozo huu una sentensi ambayo ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila maabara: unasema wazi kwamba mgawanyo wa bin na sbin haukufanywa kwa ajili ya usalama, na kwamba kumzuia mtumiaji asiingie sbin hakuleti faida ya usalama kwa kufanya hivyo tu. Lengo ni kutenganisha vinavyotumiwa na watu wote na vile vya kazi za usimamizi.

Sasa ile simulizi niliyoahidi.

Taasisi moja ilikuwa na seva ya kupokea maombi ya kujiunga. Mwombaji anajaza fomu, kisha anapokea barua pepe ya uthibitisho yenye namba yake. Siku moja kaka aliyekuwa anaitunza, mtu mwenye bidii na nia njema, akasoma mahali kwamba sbin ni ya msimamizi tu. Akaandika chmod 700 /usr/sbin, yaani hakuna wa kuingia humo isipokuwa root. Tovuti ikaendelea kufunguka. Fomu zikaendelea kupokelewa. Lakini barua pepe za uthibitisho zikakoma, kimyakimya. Wazazi wakaanza kupiga simu. Wakashuku mtandao, wakashuku kampuni ya barua pepe, wakawaambia waombaji waangalie kwenye folda ya taka. Siku tatu zikapita.

Nilipoitwa, nilijaribu kutuma barua nikiwa na akaunti ileile inayotumiwa na tovuti, si root. Jibu lilikuja papo hapo: ruhusa imekataliwa, kwenye /usr/sbin/sendmail. Programu ya kutuma barua inakaa sbin kwa mazoea ya miaka mingi, lakini wanaoiita ni programu za kawaida zisizo na mamlaka yoyote, ikiwemo tovuti iliyoandikwa kwa lugha ya PHP. Root akijaribu mwenyewe inafanya kazi, ndiyo maana kila jaribio la yule kaka lilifaulu. Tulirudisha chmod 755, inayomruhusu kila mtu kuingia, na barua zikaanza kutoka. Namba za waliokosa uthibitisho siku zile tatu ilibidi zitumwe moja moja. Na katika siku zote tatu, hakuna mshambuliaji hata mmoja aliyezuiwa na ile 700.

Kama ni kufunga, yapo yanayofaa kufungwa, na hapa folda ina umuhimu wake wa kweli. Swali ni nani anaweza kuandika ndani yake, kuliko nani anaweza kusoma au kuendesha. Folda ambayo mtu yeyote anaweza kutumbukiza faili haitakiwi kuwa kwenye PATH ya root. Mtu akiweka humo programu yake na kuiita ls, jina la amri ya kuorodhesha mafaili, na folda hiyo ikatangulia kwenye orodha, siku root akiandika ls atakuwa ameendesha kitu cha mwingine kwa mamlaka yake yote. Hilo ni tatizo la usalama hasa, na dawa yake ni kuangalia haki za kuandika.

Turudi kwa anayeandika programu na anatakiwa kuamua iende wapi. FHS inampa kipimo kimoja: kama mtumiaji wa kawaida ataiita mwenyewe, hata kwa nadra, iwekwe bin. Sbin ni kwa zile ambazo hana sababu ya kuziita kabisa. Mfano wao ni ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inafikika. Msimamizi anaihitaji sana mtandao ukikatika, lakini watu wote huitumia, kwa hiyo ni ya bin. Jozi ninayopenda kuwaonyesha wanafunzi ni ssh na sshd. Ya kwanza ndiyo unayotumia kuingia kwenye mashine ya mbali, iko /usr/bin. Ya pili ndiyo inayosubiri wageni upande wa pili, huwashwa na mfumo wenyewe, nayo kwa desturi iko /usr/sbin. Zipo pia programu ambazo hakuna binadamu anayeziita, zinaitwa na programu nyingine tu; hizo zina mahali pake, /usr/libexec.

Kipimo hicho ni kizuri lakini kina nyufa. Ifconfig kwa miaka mingi imekaa sbin kwa sababu inaweza kubadili anwani ya mtandao, wakati tisa kati ya kumi wanaoitafuta darasani kwangu wanataka tu kuiona anwani yao. Mkfs, ya kutengeneza mfumo wa mafaili, iko sbin. Lakini mwanafunzi anaweza kuifanyia kazi faili lake mwenyewe, akajifunza bila kugusa diski halisi na bila mamlaka yoyote. Chombo kimoja, watu wawili, sababu mbili.

Nyufa hizi ndizo zilizozifanya distro zianze kubomoa kuta. Diski za leo ni kubwa, na mashine ikiwaka hutumia mfumo mdogo wa muda uliobeba vyombo vya kuanzia, hivyo lile sharti la 1971 halipo tena. Fedora 17, mwaka 2012, iliunganisha /bin na /usr/bin. Arch ikaenda mbali zaidi mwaka 2013, ikaweka vyote, vya mtumiaji na vya msimamizi, kwenye /usr/bin moja. Debian 12, Juni 2023, ikakubali mpangilio uliounganishwa peke yake, ila ikaacha /usr/sbin ijitegemee. Na Fedora 42, Aprili 2025, ikaondoa hata huo mpaka wa mwisho: /usr/sbin imekuwa kiungo tu kinachokupeleka /usr/bin. Anwani za zamani hazikufa, zinaelekezwa kwenye mpya, ndiyo maana skripti, yaani faili la amri zilizopangwa, iliyoandikwa zamani na inayoanza na #!/bin/sh bado inakwenda. Mimi naona Fedora wamefanya sawa. Faida iliyobaki ya kutenganisha ilikuwa ndogo kuliko muda unaopotea kwa kutafuta amri iliyo mbele ya macho.

Mgawanyo ambao haupaswi kuguswa ni mwingine, na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko bin na sbin: nani ameisakinisha programu? Folda za /usr ni za distro. Humo ndimo apt au dnf, programu za distro za kusakinisha nyingine, inaweka vitu, inavihesabu, inavibadilisha bila kukuuliza. /usr/local ni yako wewe msimamizi. Distro haitakiwi kugusa humo. Ndiyo sababu ukijenga programu mwenyewe na kuandika make install, kwa kawaida itatua /usr/local/bin, na vyombo vya msimamizi /usr/local/sbin. Kisha ipo ~/.local/bin, ndani ya nyumba ya mtumiaji mmoja, ambako hauhitaji ruhusa ya mtu.

Wanaoandika programu kwa lugha ya Python wanalijua hili kwa machungu. Kwa miaka watu waliandika sudo pip install (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya root, pip husakinisha maktaba za Python), na pip ikawa inaingiza maktaba kwenye mfumo kwa mamlaka ya root, mahali ambapo hata vyombo vya mfumo vinasoma. Toleo la maktaba likagongana na lile ambalo programu za mfumo zinalitegemea, na siku hiyo hujui kilichokupata. Debian 12 inakataa: ukijaribu, inakujibu externally-managed-environment, yaani eneo hili lina msimamizi wake mwingine. Wengi hukasirika na kutafuta namna ya kulipita katazo. Ni afadhali kutengeneza mazingira ya pembeni kwa python3 -m venv, ambako unaweza kuharibu na kufuta bila mtu kuumia.

Walio kwenye Windows hukutana na swali hilihili pale kisakinishi kinapouliza: kwa watumiaji wote, au kwa ajili yako tu? La kwanza hupeleka programu Program Files, na idhini ya msimamizi itaombwa. La pili huipeleka kwenye AppData ya akaunti yako. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watano, la kwanza linamaanisha nakala moja ya kusasisha, na la pili linaweza kuacha nakala tano za matoleo tofauti.

Wiki chache zilizopita tuliandika skripti ndogo maabara, ya kuonyesha mwanafunzi amebakiza kurasa ngapi za kuchapa mwezi huu. Mwenzangu alitaka iende /usr/local/sbin, kwa kuwa inasoma kumbukumbu za printa, na printa ni ya msimamizi. Nikamuuliza nani atakayeiita. Akafikiri, akasema, “Wao.” Tukaiweka /usr/local/bin. Faili la kumbukumbu tukaliacha na ruhusa ya kusomwa tu na watu wote, kuandikwa na mfumo wa uchapaji peke yake, na skripti ikakaa pale pale wanafunzi wanapoandika jina lake na kuitikiwa.